Kinga ya mwili na limfu: maswali tunayoulizwa kila wiki hapa Moshi

Maswali haya yametoka vinywani mwa watu. Ni ya kina mama wa kliniki ya watoto, wazee wanaokuja kupima presha, vijana wa bodaboda, na wale wanaonisimamisha nje ya kanisa Jumapili na kuniambia, "Nesi, hebu nishike hapa shingoni." Nimeyapanga kuanzia ya msingi hadi ya watu wenye hali za pekee. Pale jibu lilipokwisha kutolewa, nimeelekeza kwenye swali lake badala ya kurudia. Kama kilichokuleta ni uvimbe, nenda moja kwa moja swali la 15.

## Ya msingi

1. Limfu ni kitu gani?

Ukivaa kiatu kipya kikakutoa lengelenge, yale majimaji mepesi yaliyomo ndani yanakaribiana sana na limfu. Damu inapopita kwenye mishipa midogo kabisa, sehemu ya maji yake huvuja nje ili kuzilisha seli. Maji hayo yakibaki huko mwili utavimba, kwa hiyo mishipa ya limfu huyakusanya, huyapitisha kwenye matezi yachujwe, kisha huyarudisha kwenye damu kupitia mishipa mikubwa iliyo chini ya mitulinga, karibu na shingo. Kwa siku moja ni lita 2 hadi 3, wakati mwingine zaidi.

Waliokulia vihambani wataelewa haraka nikitaja mfongo. Mfongo huleta maji kutoka mlimani hadi kwenye migomba, na damu nayo ni hivyo hivyo. Limfu ni ule mtaro wa kuondoa maji yaliyozidi. Lakini maji ya mfongo hushuka yenyewe, wakati limfu ya miguuni inapaswa kupanda, na haina moyo wa kuisukuma. Mishipa yake hujikamua kidogo kidogo, ina vilango vinavyoizuia isirudi chini, na kazi iliyobaki hufanywa na misuli yako unapotembea na kifua chako unapovuta pumzi. Ndiyo sababu swali la 12 ni muhimu sawa na yote ya chakula.

2. Matezi yako mangapi, na yanafanya nini?

Mtu mzima ana karibu 600, mengi madogo kuliko punje ya harage. Tunayoweza kuyagusa yako shingoni, kwapani na kinenani. Mengine yamejificha kifuani na tumboni. Ndani yake zimekaa chembe nyeupe za damu. Zikimtambua mdudu wa ugonjwa huzaliana kwa wingi, tezi ikavimba na kuuma. Mtoki unaotokea kinenani ukiwa na kidonda mguuni ni tezi iliyo kazini.

Bandama, tonsili, uboho wa mifupa na ukuta wa utumbo navyo ni sehemu ya mfumo huo huo. Utumbo huwa tunausahau, ilhali ndiko zilikojaa chembe nyingi zaidi za kinga.

3. Nitajuaje kinga yangu imeshuka?

Mafua mara mbili au tatu kwa mwaka kwa mtu mzima hayaonyeshi kwamba kinga imeshuka. Mtoto anayeanza chekechea anaweza kuugua mafua mara sita hadi nane kwa mwaka na bado akawa mzima kabisa.

Dalili za kuzichukulia kwa uzito ni utando mweupe wa fangasi mdomoni, mkanda wa jeshi kwa kijana, nimonia inayojirudia, kuharisha mwezi mzima, na kupungua uzito bila sababu. Ukiwa na mojawapo, kapime VVU na sukari kabla ya kununua kitu chochote cha "kupandisha kinga".

4. Tangazo linasema kinga itapanda ndani ya siku saba. Ni kweli?

Hapana. Kinga ni chembe na protini za aina nyingi zinazofanya kazi kwa mizani, na zikizidi ukali huushambulia mwili wenyewe (swali la 23). Tunachoweza ni kuziondolea njaa, pombe na uchovu unaozidhoofisha, na kuzifundisha kwa chanjo. Hilo huchukua miezi, na halifungwi kwenye kopo.

## Chakula

5. Nile nini hasa?

Naanza na protini, kwa sababu ndiyo inayokosekana mezani kwetu. Kingamwili, silaha ambazo mwili hutengeneza dhidi ya vijidudu, zenyewe ni protini. Mtoto mwenye kwashakoo mara nyingi huchukuliwa na nimonia au kuhara, kwa kuwa mwili hauna cha kujengea ulinzi wake. Ndizi, ugali na wali vinashibisha, lakini vyenyewe havitoshi. Maharage, choroko, dagaa, yai, maziwa, kuku, au vipande vichache vya nyama kwenye machalari ya ndizi: kimojawapo kiwemo katika kila mlo mkubwa. Nyumba nyingi za huku zina kuku wanaotaga, mayai yanapelekwa sokoni Mbuyuni, na njiani kurudi mtoto ananunuliwa soda. Nawaomba sana wazazi: mayai mawili matatu yabaki nyumbani kabla trei haijaondoka.

Halafu angalia rangi kwenye sahani. Vitamini A hutunza ngozi laini ya koo, mapafu na utumbo, ambako ndiko vijidudu hupita kuingia. Ipo kwenye mchicha, mnafu, majani ya maboga, karoti, papai, embe, viazi vitamu vya rangi ya chungwa na ini. (Mjamzito asile ini mara kwa mara, vitamini A ikizidi humdhuru mtoto tumboni.) Kwa vitamini C, pera moja hulishinda chungwa kwa mbali, na mapera ya huku huachiwa ndege. Zinki iko kwenye nyama, maharage, karanga na mbegu za maboga, zile zile tunazozitupa na utumbo wake. Zikaange bila mafuta, uweke kwenye kikopo watoto watafune.

Tatu, mafuta kidogo. Vitamini A, D, E na K huyeyuka kwenye mafuta tu, na mafuta unayokula hayaendi moja kwa moja kwenye damu: hubebwa kwanza na mishipa ya limfu ya utumbo. Baada ya mlo wenye mafuta, limfu ya huko hugeuka nyeupe kama maziwa. Kijiko cha mafuta kwenye mboga, au nusu parachichi pembeni ya ugali, ndiyo inayozifikisha vitamini hizo mwilini. Haina maana ya chipsi kila jioni.

6. Mboga za majani zipikwe vipi zisipoteze nguvu?

Nitaeleza jinsi shangazi yangu wa Kibosho anavyopika mchicha, kwa sababu sijaona darasa linalomzidi. Anachuma asubuhi. Anaosha majani yakiwa mazima, kwa maji mawili, ndipo anakata. Ukikata kwanza, sehemu ya vitamini inamwagwa na maji ya kuoshea. Kitunguu na nyanya vinaiva kwanza kwenye kijiko cha mafuta. Mchicha unaingia mwisho bila maji ya ziada, anafunika, na mvuke ukianza kusukuma mfuniko anageuza mara moja, anaipua. Majani bado ni ya kijani. Ndimu hukamuliwa mezani, juu ya sahani, kwa sababu vitamini C haivumilii moto, na ikiliwa na mboga husaidia mwili kunyonya madini ya chuma yaliyomo kwenye majani.

Mnafu unahitaji kuiva zaidi. Usile mbichi, na vitunda vyake vya kijani visiingie chunguni. Na chai isubiri. Ukinywa chai pamoja na chakula unazuia sehemu kubwa ya madini hayo ya chuma, kwa hiyo acha saa nzima ipite.

7. Magadi kwenye kiburu (ndizi na maharage) na makande yana tatizo?

Yanalainisha maharage haraka, najua, na kuni ni ghali. Lakini magadi huua vitamini B1 na C, huongeza chumvi ya sodiamu inayopandisha presha, na magadi ya baadhi ya maeneo yetu yana floraidi nyingi. Loweka maharage na mahindi usiku kucha, mwaga maji yale, chemsha kwa maji mapya. Punguza magadi kidogo kidogo hadi uyaache. Ulimi huzoea ndani ya wiki chache.

8. Maziwa ya ng'ombe wetu wenyewe, tukiyanywa mabichi?

Yachemsheni, hata kama ng'ombe ananenepa na hana dalili yoyote. Maziwa mabichi hubeba bakteria wa brusela, ugonjwa wa homa na maumivu ya viungo ambao kaskazini hii huchanganywa sana na malaria, na hubeba pia TB ya ng'ombe. TB hiyo ikiingilia mdomoni mara nyingi hujificha kwenye matezi ya shingo au tumboni, na mgonjwa anaweza asikohoe hata siku moja.

Kugandisha hakutoshi kuua vijidudu hivyo. Chemsha kwanza, acha yapoe hadi kidole kivumilie, ndipo utie kijiko cha mtindi wa jana. Wapikaji wa loshoro, chakula cha maziwa mgando, upande wa Arusha wafuate utaratibu huo huo. Mtindi wenyewe ni chakula kizuri sana, una protini na bakteria rafiki wa utumbo.

9. Maji ya ndimu na tangawizi asubuhi yanasafisha limfu?

Limfu haina uchafu unaosubiri ndimu. Kazi ya kuondoa taka mwilini ni ya ini na figo, na hufanyika usiku na mchana. Kama unapenda kinywaji hicho, kunywa, ila mwenye vidonda vya tumbo kitamuunguza. Ukitia asali, kumbuka kwamba mtoto aliye chini ya mwaka mmoja hapewi asali hata ya kulamba, kwa sababu inaweza kuwa na bakteria wanaopooza misuli ya mtoto mchanga.

10. Ninywe maji kiasi gani kwa siku?

Kunywa ukisikia kiu, na utazame mkojo: ukiwa wa manjano hafifu unatosha, ukiwa wa rangi ya chai ongeza. Anayepalilia juani na anayenyonyesha wanahitaji zaidi. Mwenye moyo au figo zinazosumbua afuate kiasi alichoambiwa na daktari.

Kwa wasomaji wa Arumeru nina neno la ziada. Maji ya baadhi ya visima, mito na chemchemi kuzunguka Mlima Meru yana floraidi nyingi kuliko kikomo cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 1.5 kwa lita. Ndiyo inayotia meno rangi ya kahawia na kupinda mifupa ya watoto. Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi floraidi. Maji yanapopungua kwenye sufuria, floraidi inazidi ukali. Watoto ambao meno yao bado yanaota wapewe maji ya mvua yaliyovunwa vizuri na kuchemshwa, au yaliyopitishwa kwenye chujio la mkaa wa mifupa. Hili si suala la kinga, lakini siwezi kumwambia mtu anywe maji zaidi bila kumwambia ni maji gani.

11. Mbege ina ulezi na ndizi. Si ni chakula?

Ulezi ni chakula bora, una kalsiamu na madini ya chuma, na wote unaupata kwenye uji. Pombe inayokuja nao kwenye mbege huzidhoofisha chembe nyeupe na kuharibu usingizi, na wanaokunywa sana huugua TB na nimonia kuliko wengine. Kibuyu cha shughuli ya ukoo nakielewa na nakiheshimu. Kuanza saa nne asubuhi, kila siku, bila kula, ndiko kunakotuletea watu wodini.

## Mwendo, usingizi na hewa

12. Mazoezi gani husukuma limfu?

Kutembea. Misuli ya vigimbi vya miguu ikikaza na kulegea hukamua mishipa ya limfu kama mtu anayekamua ng'ombe, na vilango huizuia isirudi. Lengo la mtu mzima ni angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo unaokufanya uheme kidogo. Mama anayeshuka na mkungu wa ndizi kichwani na kurudi amepanda mlima amekwisha kumaliza. Wasiwasi wangu ni kwa anayekaa dukani kutwa na dereva wa daladala. Simama kila nusu saa, panda na kushuka kwa ncha za vidole mara ishirini, vuta pumzi ndefu ya tumboni mara tano.

Kwenye basi la Dar es Salaam fanya hivyo hivyo ukiwa umekaa: inua visigino, kisha vidole, na shuka kila basi linaposimama. Miguu yote miwili kuvimba kidogo jioni ya safari ni kawaida na huisha ukilala. Ukivimba mmoja tu, soma swali la 18.

13. Usingizi unahusika kweli?

Unahusika sana. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walipima usingizi wa watu 164 kwa wiki nzima, kisha wakawatia puani kirusi cha mafua. Waliolala chini ya saa sita kwa usiku waliugua zaidi ya mara nne kuliko waliolala zaidi ya saa saba. Walinzi, wauguzi na waoka mikate wa usiku, lindeni usingizi wa mchana: pazia nene, simu mbali, na watoto waelezwe kwamba baba akilala mchana bado ni usiku wake.

14. Tunapikia kuni ndani. Inaathiri kinga?

Ndiyo. Moshi huchubua njia ya hewa na huongeza nimonia, hasa kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Toboa dirisha juu ya jiko, tumia kuni kavu, na mtoto asibebwe mgongoni wakati wa kupuliza moto.

## Uvimbe

15. Nimegusa kigoroli shingoni. Ni saratani?

Mara nyingi sivyo. Tezi ndogo, laini, inayoteleza chini ya kidole, inayouma, iliyotokea na mafua, jino bovu, sikio au mapunye, hupungua yenyewe ndani ya wiki mbili hadi nne. Watoto wembamba huwa na vigoroli vidogo shingoni muda mrefu bila ugonjwa wowote.

Usisubiri kama tezi ni ngumu kama jiwe au imeganda haitelezi, kama inazidi ukubwa wa sentimita 2, kama imepita wiki nne bila kupungua, au kama iko juu ya mtulinga, hata iwe ndogo. Vivyo hivyo ukiwa na homa za jioni, jasho la usiku linalolowesha shuka, au nguo zinazokulegea. Hapo kunatakiwa kipimo, na mara nyingi ni sindano ya kutoa chembe kwenye tezi. Anzia kituo cha afya kilicho karibu. Ikibidi utapewa rufaa hospitali ya Mawenzi au KCMC, na kwa Arusha hospitali ya Mount Meru.

16. Nimeambiwa ni TB ya matezi. Nitapona?

Utapona ukimaliza dawa. Kwa kawaida ni miezi sita, na dawa za TB nchini ni bure. Kilimanjaro ina historia ndefu na ugonjwa huu: hospitali ya Kibong'oto, kule Siha, ilianza kuhudumia wagonjwa wa TB mwaka 1926 na bado inafanya kazi hiyo. Tezi inaweza kuvimba zaidi au kupasuka katikati ya matibabu. Rudi kliniki, lakini usiache vidonge.

Nitamtaja kijana mmoja bila jina. Alikuja na mama yake, kola ya shati la shule imeachwa wazi kwa sababu haikufunga tena. Mama akafungua fundo la kanga, akapanga mezani makopo matatu ya "dawa ya kusafisha limfu". Alikuwa ameuza mbuzi wawili. Miezi minne kijana alikuwa akinywa vijiko viwili kutwa mara tatu, na shingoni alama za chale zilikuwa bado nyeusi kwa mkaa. Nilimuuliza mama kama kijana anatoka jasho usiku. Akasema, "Nesi, tunabadilisha shuka mara mbili." Kijana alianza dawa za TB wiki ile ile, na baada ya miezi sita kola ilifunga. Mbuzi hawakurudi. Ninayaandika haya kwa ajili ya wanaofikiria kuuza wao.

17. Je, nichue tezi, niikande kwa maji moto, au nichanjwe chale?

Usichue wala kuminya tezi iliyovimba. Chale huongeza hatari ya usaha, na wembe wa kuchangia hubeba VVU na homa ya ini. Kitambaa cha maji ya uvuguvugu, kilichowekwa tu bila kusugua, hupunguza maumivu wakati unasubiri kwenda kupima.

18. Mguu wangu umevimba. Ni matende?

Inategemea umevimbaje. Mguu mmoja uliovimba ghafla, una joto na unauma kwenye kigimbi unaweza kuwa na bonge la damu. Usiuchue, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Miguu yote miwili ikibonyea kwa kidole huelekeza kwenye moyo, figo au ini. Mjamzito aliyevimba huku kichwa kinamuuma au macho yanaona ukungu akimbizwe hospitali bila kusubiri asubuhi.

Matende yenyewe huletwa na minyoo midogo inayoenezwa na mbu na kuziba mishipa ya limfu. Nchini kwetu yameenea zaidi mikoa ya pwani, kama Tanga, Lindi na Mtwara, ambako watu wamekuwa wakimezeshwa kingatiba. Kama uliishi huko miaka mingi, mwambie daktari. Kuna pia uvimbe wa miguu unaowapata wakulima wanaotembea peku kwenye udongo mwekundu wa volkano, unaojulikana sana nyanda za juu za Ethiopia, Rwanda na Uganda: chembe ndogo za udongo hupenya ngozi na kuharibu mishipa ya limfu. Shambani vaa viatu vilivyofunika mguu, na jioni osha kwa sabuni hadi katikati ya vidole, kisha ukaushe.

## Vidonge, mitishamba na chanjo

19. Nimeze vitamini C na zinki kila siku?

Ukila kama swali la 5, huna haja. Vitamini C ya vidonge haizuii mafua kwa watu wa kawaida. Wanaoimeza kila siku hupunguziwa kidogo tu muda wa kuumwa. Zinki ina kazi yake maalumu: mtoto anayeharisha hupewa pamoja na maji ya ORS kwa siku 10 hadi 14, na asiachishwe kuhara kukikoma siku ya tatu. Matone ya vitamini A kwa watoto wa miezi 6 hadi miaka 5, mara mbili kwa mwaka, yasikose.

20. Mlonge, kitunguu saumu na mwarobaini je?

Majani ya mlonge ni mboga nzuri sana, yapike au uyanyunyize kwenye uji. Mizizi na magome yake mjamzito asiguse. Kitunguu saumu ni kiungo kizuri. Ukila kwa wingi kama dawa kinaweza kuzidisha kutokwa damu, hasa kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Mwarobaini siushauri kwa watoto wadogo hata kidogo, mafuta yake yamewahi kuwatia sumu. Na kila unachotumia, mtajie daktari. Hatutakugombeza.

21. Chanjo nyingi hazichoshi kinga ya mtoto?

Mtoto anayetambaa uani hukutana na vijidudu vingi kwa siku moja kuliko vilivyomo kwenye chanjo zake zote. Kinga yake ya kwanza kabisa ni dang'a, maziwa ya manjano ya siku za mwanzo, kisha maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita. Chanjo hufuatia hapo. Tezi ya kwapa kuvimba upande uliochomwa sindano hutokea. Ikizidi kukua au kutoa usaha, mrudishe kliniki.

Wasichana wasikose ya HPV, inayokinga saratani ya mlango wa kizazi. Mkoa wetu wa Kilimanjaro ulitangulia kuitoa kwa majaribio mwaka 2014, nchi nzima ikafuata mwaka 2018.

## Hali za pekee

22. Ninaishi na VVU. Chakula kizuri kinatosha?

Hakitoshi. ARV, dawa za kufubaza VVU, ndizo zinazorudisha CD4, yaani chembe nyeupe ambazo VVU huziua, na chakula kinakupa nguvu ya kuzimeza na kupata uzito. Matezi kuvimba sehemu nyingi za mwili huonekana kwa wengi kabla ya dawa. Yakivimba ghafla wiki chache baada ya kuanza dawa, pamoja na homa, rudi kliniki haraka, kwani huenda kuna TB iliyokuwa imejificha na kinga iliyoamka imeiona.

23. Nina lupasi, nameza dawa za kupunguza kinga. Ninywe vya kuongeza?

Usinywe. Kwako kinga imekosea adui na inashambulia viungo vyako, na dawa zako zinaituliza. Kula mlo wa swali la 5, maziwa yachemshwe, nyama na mayai viive hadi ndani, na uulize kabla ya chanjo yoyote, kwa kuwa chache zina virusi hai. Usiache vidonge vya steroidi ghafla.

24. Nilifanyiwa upasuaji wa titi, sasa mkono unavimba. Nifanyeje?

Matezi ya kwapa yakiondolewa, limfu ya mkono inakosa njia. Hali hii hudhibitiwa, na ukiiwahi mapema inakuwa rahisi zaidi. Omba kuonwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ndiye atakayekupimia soksi ya mkono ya kubana na kukuonyesha namna ya kukanda taratibu. Endelea kuutumia mkono, kuuficha kwenye kanga hakuusaidii. Ukikata majani ya ng'ombe au kuchuma kahawa vaa glavu, na mchubuko mdogo uoshe kwa sabuni papo hapo. Mkono ukigeuka mwekundu, ukapata joto na homa, nenda siku hiyo hiyo ukapewe antibayotiki.

25. Nilipata ajali ya bodaboda nikaondolewa bandama. Nitaishi kawaida?

Utafanya kazi, utakula na utazaa kama wengine. Lakini bandama ilikuwa ikichuja bakteria kwenye damu, na bila hiyo baadhi yao, hasa wale wa nimonia na homa ya uti wa mgongo, wanaweza kukuangusha ndani ya saa chache. Wenye selimundu nao wengi bandama yao huacha kufanya kazi wakiwa bado wadogo, na ushauri ni huu huu.

Ulizia chanjo za nimonia, homa ya uti wa mgongo na Hib (bakteria mwingine anayeleta magonjwa hayo). Lala kwenye neti, na usiichukulie malaria kama ya wengine, hasa ukishuka Tanga au kwenda Kanda ya Ziwa. Homa yoyote, hata usiku wa manane, nenda hospitali saa ile ile na uwaambie mapokezi kabla hujakaa. Andika kwenye kikaratasi "SINA BANDAMA", kifunge kwenye nailoni, ukiweke nyuma ya kadi yako ya bima au kitambulisho, mahali ambapo mtu mwingine atakiona kama wewe huwezi kusema.